Kadi za Kawempe

Katika miaka ile ya utawala wa wanajeshi mikono yangu haikuweza kutulia. Nikikaa bila kazi, masikio yalianza kufuata kila gari lililopita barabarani: hili limepunguza mwendo, hili limekata kona, hili mbona limesimama. Kwa hiyo nilitafuta kazi ya vidole, kazi ndogo inayotaka macho yote mawili, na kazi hiyo ikawa kutengeneza kadi.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Baba alikuwa sajini wa polisi, mtu wa kaskazini, mjane. Tuliishi katika nyumba za polisi hapo Kampala, ambako kila mlango ulikuwa na kabila lake na wote tulisemezana Kiswahili cha kambini, kile kisichojali ngeli. Hiki ninachoandika nilikuja kunyooshewa Kenya, kwa kuchekwa.

Kabla ya hapo nilikuwa muuzaji katika duka la karatasi na vifaa vya ofisi, mali ya familia moja ya Kihindi. Walipofukuzwa nchini pamoja na wenzao, duka akapewa mkubwa mmoja wa jeshi. Aliuza vilivyokuwamo, na vilipokwisha akaziuza rafu. Watu wa namna yake, waliotajirika ghafla, tuliwaita mafuta mingi. Mimi nilirudi nyumbani na mfuko wa vipande vya karatasi ngumu visivyotakiwa na mtu, na ufundi mmoja: bibi wa ile familia, mama mzazi wa mwenye duka, alikuwa amenifundisha kuinua ua juu ya karatasi.

Ni kazi ya uvumilivu, nami sikuwa nao. Unakata umbo la ua kwenye kitu chembamba kilicho kigumu, unalibandika kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite, unaweka karatasi juu yake, kisha unafuata kingo za lile umbo kwa ncha butu, polepole, ukisukuma bila kuchana. Ukigeuza karatasi, ua limevimba, jeupe juu ya weupe. Hakuna wino. Unaliona kwa kivuli chake tu, na hata kipofu angeweza kulijua kwa kidole. Yule bibi alitumia sindano ya kufumia iliyotiwa tone la nta kwenye ncha. Nilizichana karatasi nyingi sana kabla hajaridhika.

Mwenzangu katika kazi nilimpata kwenye foleni ya sabuni. Alikuwa mama wa Kikongo aliyekimbia vita vya kwao, upande wa Bukavu, akiwa bado kijana, akapoteza mume njiani na hakuolewa tena. Wengine kwenye foleni walikuwa wakisukumana na kulalama. Yeye alikuwa amesimama anadarizi, kitambaa kimeshikwa kwenye kifua kwa kidevu. Alikuwa anashona kuku kwa mishono ya msalaba, vijisalaba vidogo vya uzi mwekundu vilivyopangwa mpaka kuku akatokea na upanga wake kichwani. Sabuni iliisha kabla hatujafika mlangoni. Tuliondoka pamoja, nikamweleza habari za maua yangu ya karatasi, akaniambia nije nimwonyeshe.

Chumba chake kilikuwa Kawempe, nyuma ya fundi wa baiskeli. Kitanda, meza, jiko la mkaa mlangoni, na dirisha moja lenye kioo, ambalo ndilo lililotuamulia mahali pa kufanyia kazi. Nilimwita Mama, yeye akaniita mutoto, kama wanavyotamka kwao. Nyuzi tulizipata kwa kufumua sweta kuukuu. Kitambaa kilikuwa magunia ya unga, yakichemshwa na kuanikwa mpaka maandishi yafutike. Mama alishona picha ndogo, nyumba, kuku, kikombe, mimi nikatoboa kidirisha katika karatasi ngumu na kuibandika picha kwa nyuma ili itazame nje. Kisha ikaja mihuri. Nilichukua soli za ndala zilizokatika, nikachonga kwa wembe nyota, majani, ndege, mshumaa. Tuliipiga kandokando ya kadi kwa rangi yoyote iliyopatikana.

Unaweza kuuliza nani alinunua kadi wakati hata chumvi ilipatikana kwa magendo. Walinunua sana. Watu walikuwa wameacha kuandikiana barua, maana barua zilifunguliwa njiani na neno lolote lingeweza kugeuzwa. Kadi haikuwa na la kugeuzwa. Ua, kuku, salamu za Krismasi au za Idi, jina chini. Aliyeipokea alijua kwamba mtumaji alikuwa hai siku aliyoiweka posta, na hilo ndilo alilotaka kujua. Tuliuza sokoni Nateete, na nyingine nilizipitisha kambini, kwa wake wa askari, Wakristo na Waislamu.

Mteja wetu mkubwa alikuwa muuguzi wa hospitali kuu. Alizinunua kwa ajili ya wagonjwa wake waliolala muda mrefu bila kutembelewa. Alikuwa mwanamke mcheshi, mnene kidogo, anayeingia chumbani akiwa tayari katikati ya hadithi. Yeye ndiye aliyetuletea picha za eksirei zilizotupwa, ambazo kwa kukatia maumbo hazina mfano, na dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, ambayo tuliigeuza wino. Ndiyo maana mihuri yetu yote ilikuwa na rangi ile ya zambarau, na vidole vyangu pia.

Kisha mume wake alichukuliwa. Alikuwa mwalimu wa chuo. Watu waliovaa miwani myeusi walimfuata kazini mchana, wanafunzi wakitazama, wakamtia kwenye buti la gari. Yule muuguzi alizunguka kila mahali panapoulizwa habari, na kila mahali aliambiwa kwamba mtu huyo hajulikani. Hakuweza kuweka matanga, kwa sababu kuweka matanga ni kusema amekufa, na kusema amekufa ni kusema kuna aliyemuua. Aliendelea kwenda zamu. Alipokuja kwetu tena alikaa ukingoni mwa kitanda cha Mama, hakuleta hadithi yoyote, akatazama mikono yangu ikichonga.

Siku hiyo alitueleza shida yake. Mtumishi wa serikali hakuruhusiwa kutoka nchini bila kibali chenye muhuri wa ofisi yake. Alikuwa amepata karatasi yenyewe, imepigwa taipu vizuri na rafiki yake. Kilichokosekana ni muhuri. Alikuwa na watoto wawili, na ndugu aliyekaa Nairobi, na kuna mtu aliyemnong'oneza kwamba jina lake nalo limeanza kutajwa.

Alitoa kipande cha karatasi chenye alama ya muhuri halisi, akakiweka mezani kati ya ndege na nyota zangu. Ulikuwa muhuri wa duara, herufi zimezunguka, na katikati korongo mwenye taji, ndege wa taifa.

Mama hakukigusa. Alisema, bila ukali, kwamba yeye ni mkimbizi, na mkimbizi hana hata ukuta wa kuegemea. Akisukumwa hapa ataangukia wapi? Alimwambia muuguzi atamwombea, atampa unga, atawalaza watoto wake chumbani kwake hata mwezi mzima, lakini kitu hiki hapana. Kisha akanigeukia.

"Mutoto, hii kitu itatuua wote. Ua ni ua. Hii si ua."

Muuguzi alikubali upesi mno, kama mtu aliyezoea kukataliwa, akaomba radhi, akasimama. Alisahau kile kipande mezani. Labda hakusahau. Nilikiingiza ndani ya kiganja nikamsindikiza mpaka barabarani, na huko nikamwambia apite Jumapili mchana.

Sijawahi kujutia hilo, ingawa nimelirudia akilini mara nyingi. Kambini nisingeweza kufanya kazi hiyo, mlangoni kwa baba, katikati ya polisi. Nilingoja Jumapili asubuhi, Mama alipokwenda kanisani, nikaingia chumbani kwake kwa ufunguo aliokuwa ameniachia. Soli niliyoichagua ilikuwa ya kisigino, ngumu, isiyovimba. Herufi nilizichora kinyume, nikizitazama kwenye kioo cha mkononi. Mpira hauna huruma: ukikata zaidi, umekata. Kila baiskeli iliyoletwa kwa fundi ilinifanya niufiche wembe chini ya paja. Nilisimama, nikachungulia nje, nikakaa, nikasimama tena. Korongo alinitesa kuliko herufi, shingo yake na zile nywele za kichwani, mpaka nikajiambia kwamba mihuri ya ofisini imechakaa, hakuna anayehesabu nywele za korongo. Nilipoupiga kwenye gazeti, ukatoka vizuri hata nikaogopa. Ulionekana kama serikali yenyewe imeingia chumbani.

Muuguzi alikuja, akapiga muhuri mwenyewe, mara moja tu. Alinikumbatia akaenda. Nilichotakiwa kufanya ni kuuchoma ule mpira jikoni, lakini mpira ukiungua unanuka mtaa mzima, na fundi alikuwa nje. Niliutia kwenye boksi pamoja na mihuri mingine, nikaona kwamba jani hujificha penye majani, na kwamba kesho nitakwenda kuutupa mtoni. Mama aliporudi alinikuta nakata maua. Aliangalia unga wa mpira sakafuni, akachukua ufagio, akafagia.

Kesho yake sikuutupa. Nilijiambia kesho tena, na siku mbili baadaye jirani yetu mmoja kambini, askari wa kabila letu, ambalo wakubwa walikuwa wakilishuku, naye hakurudi kutoka kazini, na nikaanza kufikiri ni nani mwingine atakayeuhitaji. Labda baba. Siku zikawa zinapita namna hiyo. Ya muuguzi hatukuyasikia. Alikuwa amepanda basi la kwenda mpakani pamoja na watoto, na baada ya hapo kimya. Nilifanya kazi kwa pupa, nikaharibu kadi nyingi, nikajichoma, nikagombana na Mama juu ya vitu vya kipuuzi, kwa mfano gundi ya uji wa muhogo iliyokuwa nzito mno.

Walikuja kabla ya adhuhuri, wanajeshi wawili, kwa miguu, kwa hiyo masikio yangu yaliyokuwa yakisikiliza magari miezi yote ile hayakunisaidia. Mmoja alibaki nje na fundi wa baiskeli. Mwingine aliingia. Alikuwa mtu mzima, si kijana, ana mvi kidogo kando ya masikio, na ilimbidi ainame mlangoni. Tulisimama.

"Watu nasema nyinyi natengeneza muhuri," alisema. "Iko wapi?"

Mama alimwonyesha boksi. Alilisogeza kabisa karibu naye, kama mtu anayemkaribisha mgeni chakula, akaweka na sahani ya wino, na karatasi. Nilidhani amepagawa. Yeye hakujua kilichomo, nilifikiri, na mimi ndiye niliyekiweka.

Yule mwanajeshi akavuta kiti akaketi. Alichukua muhuri wa kwanza, akautazama kwa chini, hakuelewa, akauchovya na kuupiga. Nyota. Akachukua wa pili. Jani. Alifanya kazi ile kwa utaratibu, kama karani, anapiga, anauweka kando upande wa kushoto, anachukua mwingine. Mshumaa. Ndege. Kwenye ndege alisimama kidogo.

"Hii ndege gani?"

Mama alimwambia ni njiwa, njiwa wa Nuhu. Akaguna, akaendelea. Nilikuwa nikiuona ule wa duara ndani ya boksi. Nilikuwa naujua kwa kisigino chake, kwa ukubwa wake, kwa alama ya msumari pembeni. Kila mkono wake uliposhuka niliona unaupitia, unachukua wa jirani yake. Nilitaka kukohoa, kukimbia, kusema lolote ili jambo liishe. Mama alinishika kifundo cha mkono, si kwa upole.

Akauchukua. Akautazama muda mrefu kuliko mingine. Akauchovya, akaubonyeza kwa uzito wa bega lake, akainua.

Ulikuwa ua. Ua kubwa la duara, lenye petali nyingi nyembamba pande zote na kitovu kilichojaa mistari. Halikuwa zuri. Lilikuwa limekatwa na mtu asiyezoea wembe, petali nyingine nene, nyingine zimekatika, lakini hakuna macho duniani ambayo yangeliona na kusema ni kitu kingine.

Alipiga mihuri iliyobaki mpaka boksi likaisha. Karatasi ilikuwa imejaa kama kitambaa cha kanga. Aliitazama, na kwa mara ya kwanza akaonekana hajui afanye nini. Aliuliza kazi yote hii ni ya nini, Mama akampa kadi. Alipapasa lile ua lililovimba kwa kidole gumba, akaligeuza upande wa pili kuona limetoka wapi, akalipapasa tena.

Kisha akanitazama mimi, ambaye mpaka wakati huo sikuwa nimesema neno. Aliniuliza kama na mimi ni Mkongo. Nilimjibu, na Kiswahili changu cha kambini kikanifichua.

"Wewe toto ya askari," alisema. "Baba yako nani?"

Nilitaja cheo cha baba na kituo chake.

"Kabila gani?"

Nikamwambia. Sikuwa na la kumwambia badala yake, lilikuwa katika jina na usoni.

"Ah," alisema.

Akachukua kadi tatu au nne, akazitia mfuko wa shati, akainama mlangoni akatoka. Tulisikia wakimwambia fundi kitu, na fundi akicheka kicheko cha mtu asiyetaka kucheka. Mama aliketi kitandani, akavua kitambaa cha kichwa akajifuta nacho uso.

Nilimuuliza aliugeuza lini. Akanijibu ilikuwa Jumapili ileile, nilipokwisha kuondoka. Aliona unga wa mpira, akatafuta, akaupata mara moja, maana mihuri yangu mingine yote ilikuwa midogo. Alikata herufi moja baada ya nyingine. Aliniambia korongo alimsumbua sana.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ningekuambia, ungechonga ingine."

Ilikuwa kweli.

Jioni baba alipovua buti nilimweleza, nikiruka habari za muuguzi. Nadhani alizijaza mwenyewe. Hakuuliza juu ya mihuri wala juu ya Mama. Alitaka kujua jambo moja.

"Alisema 'ah' namna gani?"

Nilijaribu kuigiza. Alinitaka nirudie. Nilipokwisha kurudia alikaa akitazama buti zake, kisha akasema kesho nitakwenda Kisumu kwa shangazi yangu, kumsalimu. Hatukuwa tumemsalimu shangazi kwa miaka. Nilimwambia twende wote. Akasema askari akikimbia, wanaoulizwa ni wale wanaobaki, na mlango wa pili na wa tatu katika safu yetu ilikuwa na watoto wadogo. Asubuhi alinisindikiza akiwa amevaa sare yake, amepiga pasi, ili nisisumbuliwe stesheni. Hakunipungia mkono. Sikupata nafasi ya kwenda Kawempe kuaga.

Huko Kenya nilikaa miaka. Nilifundisha kudarizi katika shule ya masista, na hata darasani sikuweza kuketi mgongo wangu ukiwa mlangoni. Baba aliachishwa kazi pamoja na watu wengi wa kwetu, akarudi kijijini, akawa analala porini nyakati nyingine, akanusurika. Niliporudi nilimkuta hai, amekonda, hataki kabisa kuongea Kiswahili, lugha ya askari.

Na muuguzi nilikutana naye Nairobi, nje ya kanisa, amevaa sare nyeupe ya hospitali nyingine. Wanawe walikuwa wamekua. Habari za mume hazikupatikana kamwe. Aliniambia yaliyotokea mpakani. Mtoto wake mdogo alikuwa na homa, amelala begani. Karani alipokea karatasi, hakuiangalia, akamtazama mtoto, akamwambia apite haraka kabla mkubwa wake hajarudi kutoka kula. Muhuri haukutazamwa na mtu yeyote. Alinisimulia akidhani nitacheka. Nilirudi nyumbani nikazunguka chumbani mpaka mwenye nyumba akagonga kuuliza kama naumwa.

Serikali ile ilipoanguka nilikwenda Kampala kumtafuta Mama. Kawempe chumba kilikuwa na watu wengine na fundi wa baiskeli hayupo. Nilielekezwa Kalerwe, na huko nikamkuta kando ya barabara anauza maharage na nyanya, amezeeka usoni, mikono ileile. Alinitazama kwanza kama mteja. Kisha akasogeza debe nikakaa.

Nilimweleza habari za mpakani, kwamba karani hakuuangalia muhuri, kwamba tulikaribia kufa kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa na kazi. Alikuwa anapanga nyanya, kubwa juu, zilizopondeka chini, na hakusimamisha mkono.

"Bila ile, angepanda basi?" aliniuliza.

Nikasema sidhani.

Akamhudumia mwanamke aliyetaka maharage ya njano, wakabishana kidogo, wakacheka. Nilimuuliza kama bado anashona. Alisema macho hayamruhusu, na siku hizi sweta za kufumua ni ghali kuliko uzi. Alitaka kujua nimeolewa na nani, nina watoto wangapi, kwa nini nimekuwa mwembamba. Upande wa mjini risasi zililia mara mbili, tatu, na hakuna aliyeinua kichwa pale sokoni isipokuwa mimi. Mama alinifungia nyanya kwenye jani la mgomba, akaniambia niondoke jua likiwa bado juu, na nipite barabara kubwa, nisikate njia.